Bustani ya Ufa wa Tanna, Japani: shimo dogo linalofundisha kusoma matetemeko ya kale

Kuna maeneo kadhaa nchini Japani ambako mgeni wa kawaida anaweza kusimama mbele ya ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko na kuutazama kwa karibu. Mengi yamejengwa kwa ajili ya kukumbuka tetemeko moja tu, lile ambalo watu walio hai au wazazi wao walilishuhudia. Bustani ya Ufa wa Tanna, iliyoko katika mji wa Kannami, mkoa wa Shizuoka, ni ndogo kuliko karibu zote nilizozifikia, na haitozi kiingilio. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kuelewa namna wataalamu wanavyorudi nyuma maelfu ya miaka na kuhesabu matetemeko ambayo hakuna aliyeyaandika, ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine, kwa sharti moja: aje akiwa amejiandaa, kwa sababu mahali hapa hapamlazimishi mtu kuelewa. Mwenye haraka atapiga picha mbili na kuondoka bila kujua ameona nini.

Tuanze na kinachoonekana juu ya ardhi. Tarehe 26 Novemba 1930, alfajiri, rasi ya Izu ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.3 lililoua watu zaidi ya 250. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa takriban kilomita 30, kutoka kaskazini kwenda kusini, na sehemu kubwa ya mpasuko huo ilifuata ufa wa Tanna. Katika eneo ambalo leo ni bustani palikuwa na makazi, na nyuma ya nyumba palikuwa na jalala lililozungushiwa mawe kwa umbo la duara, pamoja na mfereji mdogo wa maji. Ufa ulipita katikati ya vitu hivyo. Duara likagawanyika vipande viwili vilivyopishana, mfereji ukakatika, na kila kipande kikabaki upande wake, mbali na mwenzake kwa zaidi ya mita 2. Serikali ya Japani iliutangaza ufa huu kuwa kumbukumbu ya asili mwaka 1935, miaka mitano tu baada ya tukio, na kwa sababu hiyo mawe yale hayajasogezwa wala kupangwa upya.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye jalala hilo kuliko nilivyotarajia. Makumbusho mengi hujengwa kuzunguka vitu vya thamani, lakini hapa ushahidi unaotunzwa na sheria ya nchi ni mahali ambapo familia ya wakulima ilikuwa ikitupa takataka zake. Thamani yake inatokana na umbo lake: mtu aliyeyapanga mawe yale aliyapanga duara, kwa hiyo tunajua kwa hakika yalikuwaje kabla, na tunaweza kupima yamehama kiasi gani. Ukisimama upande mmoja wa ufa na kuutazama upande wa pili, utaona nusu ya duara imekwenda kushoto kwako. Ukivuka na kugeuka kutazama ulikotoka, utaona tena kwamba upande wa pili umekwenda kushoto. Fanya hivyo mara mbili tatu, polepole. Wanajiolojia huziita nyufa za namna hii nyufa za msogeo wa kushoto, na maelezo ya vitabuni kuhusu jambo hilo huwachosha wanafunzi wengi, ilhali hapa linaeleweka kwa hatua nne za miguu.

Sehemu ya pili ni chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi. Hapo palichimbwa mtaro uliokata ufa kwa kuuvuka, kisha kuta za mtaro zikahifadhiwa na kuezekwa ili mgeni ashuke ngazi na kuzitazama. Hii ndiyo sababu ya kwenda Tanna, na ndiyo pia sehemu ambayo mgeni asiye na maandalizi huipita haraka. Ukutani kuna udongo, mawe madogo na matabaka ya rangi zinazokaribiana, na mahali fulani matabaka hayo yanakatika ghafla na kukutana na udongo usiofanana nayo. Hakuna kinachong'aa. Macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea, na ushauri wangu ni kuanza kwa kuchagua tabaka moja linaloonekana vizuri, kulifuata kwa kidole hewani kutoka ukingoni hadi linapokatika, na kulitafuta tena upande wa pili. Ukishalipata tabaka hilo, au ukishatambua kwamba halipo mahali ulipolitarajia, utakuwa umeanza kufanya kazi ileile wanayoifanya wataalamu wa matetemeko ya kale.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila kuijua huwezi kuupima ubora wa mahali hapa. Wataalamu huchagua sehemu ambayo ufa unapita chini ya mashapo laini (udongo na mchanga ulioletwa na maji) yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, kama vile kando ya kinamasi, ziwa dogo au mkondo wa maji. Huchimba mtaro wa kina cha mita chache unaovuka ufa, husafisha kuta kwa mwiko na brashi hadi kila tabaka lionekane, hufunga kamba ukutani kwa mpangilio wa miraba, na kuchora kila kitu wanachokiona ndani ya kila mraba. Kisha huuliza swali moja wanalolirudia kwa kila mpasuko mdogo: ni tabaka gani la mwisho lililokatwa, na ni tabaka gani la kwanza lililolala juu ya mkato bila kukatwa? Tetemeko lilitokea kati ya hayo mawili. Likikatwa tabaka la chini mara mbili na la juu mara moja, matukio ni mawili. Tabaka la chini likiwa limehama mita sita na la juu mita mbili tu, basi la chini limepitia mengi ambayo la juu halikuyaona.

Baada ya hapo hubaki kazi ya tarehe. Vipande vya mkaa, mizizi iliyooza na mboji iliyofukiwa ndani ya matabaka hupelekwa maabara na kupimwa kaboni, yaani kiasi cha kaboni ya mnururisho kilichobaki, ambacho hupungua kadiri miaka inavyopita, na matokeo yake hutoa umri wenye ukingo wa makosa wa miongo au karne. Njia hii ilipata umaarufu mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mwanajiolojia Kerry Sieh alipochapisha matokeo ya mitaro aliyoichimba Pallett Creek, kwenye ufa wa San Andreas kusini mwa California, akionyesha mfululizo wa matetemeko makubwa yaliyotangulia historia iliyoandikwa ya eneo lile. Japani nayo ilianza kuchimba mitaro ya aina hiyo katika kipindi hichohicho, na Tanna ikawa miongoni mwa sehemu zake za mwanzo zilizotoa matokeo ya kuaminika.

Mtaro uliojulikana zaidi ulichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika bonde la Tanna lenyewe, mahali paitwapo Myoga, si hapa bustanini. Ni vizuri mgeni alijue hilo mapema asije akautafuta ukutani ushahidi ambao haupo. Bonde la Tanna ni duara la ardhi tambarare lililozungukwa na vilima, na zamani lilikuwa na ziwa na kinamasi, kwa hiyo mashapo yake ni laini na yamejipanga kwa utulivu. Ndani ya mtaro huo watafiti walitambua dalili za matukio 9 katika kipindi cha miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita, tetemeko la 1930 likiwemo. Kama kawaida ya kazi hii, mtaro ulifukiwa baada ya kuchorwa, na leo juu yake ni ardhi ya kawaida.

Kilichoupa mtaro huo nguvu ni majivu ya volkano. Japani ina bahati, kama twaweza kuiita bahati, ya kuwa na volkano nyingi ambazo milipuko yake inajulikana, na kila mlipuko mkubwa hutandaza majivu yenye madini na umbo la kipekee juu ya eneo pana. Yakitambuliwa ndani ya mtaro, majivu hayo hutoa tarehe iliyo bora kuliko kaboni. Katika eneo la Izu liko tabaka la majivu ya Kawagodaira, kutoka safu ya milima ya Amagi iliyo kwenye rasi hiyohiyo, lenye umri wa miaka zaidi ya 3,000 kidogo. Na liko tabaka changa zaidi, jembamba, lililotoka kisiwa cha Kozushima, kiasi cha kilomita 100 kuelekea kusini baharini. Kozushima ililipuka mwaka 838, na mwaka huo unajulikana kwa sababu watumishi wa dola ya kifalme waliandika habari za mlipuko huo.

Sasa utazame mpasuko wa mwisho kabla ya ule wa 1930. Watafiti waliukuta karibu sana na majivu ya Kozushima, juu yake kidogo tu. Maana yake ni kwamba tetemeko hilo lilitokea muda mfupi baada ya 838. Na kumbukumbu zilezile za dola ya kifalme zinasema kwamba mwaka 841 jimbo la Izu lilipatwa na tetemeko kubwa lililobomoa makazi na kuua watu, bila kusema lilitoka kwenye ufa gani, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa na wazo la ufa kuwa chanzo cha tetemeko. Udongo ulitoa mahali, majivu yakatoa mpaka wa wakati, karatasi ikatoa mwaka. Sijui mfano mwingine ulio safi kiasi hiki wa mashahidi watatu wasiojuana kukubaliana juu ya jambo moja, na huo ndio utajiri wa Tanna ambao mgeni hataupata kwa kutazama ukuta peke yake. Anayekwenda bila kuufahamu ataona udongo uliokatika. Anayekwenda akiufahamu, kila mstari wa ukutani utamwambia jambo.

Hesabu ya miaka nayo inahitaji tahadhari, na hapa napingana kidogo na namna habari za Tanna zinavyopenda kurahisishwa. Ukigawanya miaka 6,000 hadi 7,000 kwa matukio 9 utapata wastani wa miaka 700 au zaidi kidogo, na tarakimu hiyo hurudiwa mara nyingi. Lakini kutoka 841 hadi 1930 ni miaka 1,089. Zaidi ya hapo, tathmini rasmi ya serikali ya Japani kuhusu ukanda wa nyufa za Izu Kaskazini ilifikia wastani mrefu zaidi, takriban miaka 1,400 hadi 1,500. Tofauti hii haimaanishi kwamba kuna upande uliodanganya. Idadi ya matukio hutegemea ni dalili zipi zimekubaliwa kuwa za hakika: mpasuko mmoja mdogo ukutani unaweza kuwa tetemeko kubwa, tetemeko dogo, au tawi la tukio ambalo tayari limehesabiwa. Wastani wenyewe ni kitu kinachotengenezwa na wanadamu, ufa haujawahi kuusoma. Mgeni aondoke Tanna akijua kwamba ufa huu hulala kwa karne nyingi, kisha huruka mita 2 au 3 kwa sekunde chache, na asiitumie tarakimu yoyote kama ratiba ya treni.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni rahisi na inapendeza. Mwaka 1936 mwanajiolojia Hisashi Kuno alionyesha kwamba mabonde ya mito yaliyo pande mbili za ufa wa Tanna, ambayo zamani yalikuwa yameungana, leo yamepishana kwa karibu kilomita 1. Ukichukua mita 2 kwa kila miaka 1,000, kilomita hiyo huhitaji miaka 500,000. Ukitoka chumbani na kuinua macho kuvitazama vilima, mita 2 za jalala huwa ni senti moja ndani ya deni la kilomita nzima. Wakati Kuno anaandika, wazo kwamba mabonde yamehamishwa na mamia ya matetemeko, moja baada ya jingine, lilikuwa bado geni, na haikuwa imechimbwa mitaro ya kulithibitisha. Miaka karibu 50 baadaye mitaro ya Tanna ilikuja kumuunga mkono.

Chini ya bonde hili kuna habari nyingine ambayo ina haki ya kutajwa, ijapokuwa haionekani kutoka bustanini. Tetemeko la 1930 liliwakuta wafanyakazi wakichimba handaki la reli la Tanna, kiasi cha mita 160 chini ya bonde. Moja ya njia za kuondolea maji ilikuwa imefika kwenye ufa hasa, na asubuhi ile mwisho wa njia hiyo ulikuwa umehamishwa kwa zaidi ya mita 2, ukuta mbele yao ukiwa umesuguliwa na ufa hadi kuwa laini. Handaki lililokuwa limeanza kuchimbwa mwaka 1918 lilifunguliwa mwaka 1934, baada ya kugharimu maisha ya watu 67. Lina urefu wa kilomita 7.8 na lina kona ndogo ambayo haikuwamo kwenye ramani za mwanzo, iliyotokana na msogeo huo. Treni za mstari wa Tokaido bado zinapita humo, na handaki la pili, la Shinkansen (treni ya mwendo kasi), limechimbwa jirani yake. Kwa hiyo msafiri anayetoka Tokyo kwenda Osaka huuvuka ufa wa Tanna kati ya Atami na Mishima, mara nyingi akiwa anafungua chakula chake cha boksi.

Handaki hilo lilikausha chemchemi za bonde. Mashamba ya mpunga na ya wasabi, kiungo kikali cha Kijapani, yaliyokuwa yakitegemea maji hayo yalipata hasara, na wakulima wakageukia ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao wanaendelea nao hadi leo. Maziwa ya Tanna yana jina katika eneo zima, na hapohapo bondeni lipo shamba la utalii liitwalo Oratche ambapo mgeni anaweza kununua aiskrimu iliyotengenezwa kwa maziwa hayo. Ni nzuri, nzito, haina sukari ya kupita kiasi. Nimeitaja kwa sababu watoto nilioambatana nao waliifurahia kuliko jalala, na sina hoja ya kuwapinga.

Mwenye nusu siku asiishie bustanini. Kaskazini kidogo, katika bonde dogo la Tashiro, kuna hekalu la Kishinto ambalo lango lake la torii na ngazi zake za mawe zilikuwa zimepangwa kwenye mstari mmoja, kama ilivyo desturi. Ufa ulipita kati ya lango na ngazi, na sasa anayepita langoni akinyoosha mbele hafiki kwenye ngazi, hadi asogee pembeni kwa zaidi ya mita moja. Tofauti na bustani, pale hakuna chumba wala paa, na kwa hiyo ushahidi uko mahali ambapo watu bado wanaishi nao. Kwa maoni yangu, kwa mtu asiyejali matabaka ya udongo, hekalu la Tashiro linasema mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Nilinganishe sasa na mahali pawili panapojulikana zaidi. Jumba la Nojima, kisiwani Awaji, lilifunguliwa mwaka 1998 na limehifadhi mita 140 za ufa uliopasuka tarehe 17 Januari 1995, katika tetemeko lililoua watu zaidi ya 6,400 katika eneo la Kobe na jirani zake. Ni jumba la kisasa, lina nyumba iliyosimama pembeni mwa ufa bila kuanguka, na kwa kuwasilisha tukio moja sijaona mahali palipo bora zaidi. Jumba la Neodani, mkoani Gifu, limejengwa mahali paitwapo Midori, juu ya mtaro uliochimbwa kwenye genge, yaani ukuta wa ardhi, lililoibuka katika tetemeko la tarehe 28 Oktoba 1891, ambapo ardhi ilipanda kwa kiasi cha mita 6. Picha ya genge hilo iliyochapishwa na mwanajiolojia Bunjiro Koto mwaka 1893 ilizunguka dunia nzima, na Koto aliitumia kutetea wazo kwamba ufa ndio unaosababisha tetemeko, wakati wengi wakiamini kinyume chake. Ukiwa Neodani, ukubwa wa genge unakunyamazisha. Ukiwa Nojima, ukaribu wa msiba unakugusa. Lakini katika sehemu hizo mbili fikra za mgeni hubaki kwenye tukio moja, mwaka mmoja, wafu wale. Tanna, yenye vitu vichache na msiba mdogo zaidi, huzipeleka fikra kwenye mfuatano: tukio la kabla ya hili, na la kabla ya hilo. Kwa mtu anayetaka kuelewa elimu ya matetemeko ya kale, huo ndio mtazamo anaouhitaji.

Kuhusu huduma, nitakuwa mkweli kama anavyopaswa kuwa mtu anayewapendekezea wengine. Bustani hii ni mahali pa wazi penye mabango, na asiyesoma Kijapani atanufaika zaidi akienda na mwenyeji anayesoma. Rafiki yangu alinisomea maelezo kwa sauti na kunifafanulia, nami bila yeye ningekosa nusu ya yaliyoandikwa. Usafiri ndio mgumu zaidi. Stesheni za karibu ni Kannami na Atami, lakini kutoka huko hadi bondeni kuna barabara za milimani zenye kona nyingi, na sishauri mtu kutegemea basi. Gari la kukodi au teksi ni njia ya uhakika, na teksi ya kwenda na kurudi itakula pesa ambazo kiingilio kimekuachia. Kabla ya safari niliwauliza wakala wa utalii wa jijini, ambao sitawataja, nao wakanielekeza kwenye chemchemi za maji moto za Atami wakidhani ndizo nilizozikusudia, kwa hiyo anayetaka Tanna apange safari mwenyewe. Chumba cha chini kina unyevu na mwanga wa wastani. Tochi ndogo, hata ya simu ikishikwa upande upande ili mwanga ulambe ukuta, huonyesha matabaka vizuri kuliko mwanga wa kutoka mbele.

Bustani imo ndani ya Jiopaki (hifadhi ya urithi wa kijiolojia) ya Rasi ya Izu, ambayo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2018, mwaka uleule ambao Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai nchini Tanzania ilipewa hadhi hiyo. Msomaji aliyewahi kuzunguka Ngorongoro akaona jinsi ukingo wa Bonde la Ufa unavyoshuka kuelekea Ziwa Manyara atagundua haraka tofauti ya mizani: sisi tuna magenge ya mamia ya mita, wao wana jalala lililohama mita 2. Hata hivyo wao wanajua mwaka. Kusini-magharibi mwa Tanzania, ufa wa Kanda unapita karibu na Sumbawanga na genge lake linaonekana wazi juu ya nyasi. Eneo hilo la Rukwa lilipigwa tarehe 13 Desemba 1910 na tetemeko lenye kipimo cha zaidi ya 7, miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Kwa mwalimu wa jiografia anayetoka nyanda hizo, saa moja ndani ya shimo la Tanna ingekuwa na faida kuliko siku nzima katika jumba lolote la Tokyo, kwa sababu angerudi akijua ni swali gani la kuuliza mbele ya genge la Kanda, na ni mkaa wa namna gani wa kuokota.

Nimeipa bustani hii nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu matukio 9 ya Myoga, ambayo ndiyo sifa kuu ya ufa huu, mgeni anapaswa kuja nayo kichwani, kwa kuwa yamefukiwa mahali pengine. Ningependa siku moja ukuta wa mtaro ule uonyeshwe hapa kwa ukubwa wake halisi, majivu ya 838 yakiwa yamewekewa alama. Anayetafuta matembezi ya familia yenye mengi ya kugusa na kuchezea aende Nojima. Anayekwenda Tanna aanze asubuhi kwenye duara la mawe, ashuke chumbani, aende Tashiro, na aiache Oratche iwe ya mwisho, kwani wenye watoto wakianzia huko hawatafika kwingine.